Uzuri wa mkakasi: Kwa nini kasha la filamu iliyoboronga huenziwa?

WAHENGA walituachia onyo kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maana yake ni kuwa mtu asihadaike na nakshi za nje kabla ya kukagua kilichomo. Lakini ipo biashara moja ambayo imeipindua methali hiyo. Wanunuzi wake wanajua fika kwamba kilichomo ndani kiliwahi kukejeliwa na wahakiki, na bado wanakubali kutoa pesa nyingi kwa ajili ya mkakasi wenyewe.

Biashara hiyo ni ya makasha maalumu ya filamu za kutazamwa nyumbani, hasa filamu zilizotokana na michezo ya video. Huko Ulaya, Marekani na Japani, wapo watu ambao hununua filamu ya aina hiyo, wakaiweka rafuni ikiwa bado imefungwa karatasi yake ya nailoni, na wasiifungue kamwe.

Mkazi wa Makina, mtaani Kibera, ana haki ya kuuliza: Mambo hayo yanamhusu nini? Jibu ni kwamba yanamhusu kwa njia mbili. Kwanza, mojawapo ya filamu hizo ilipigwa hapa nchini. Pili, Kibera na Kawangware ni mitaa ambayo kwa miaka mingi imepokea filamu za dunia nzima kupitia jalada la aina nyingine kabisa, na tofauti iliyopo kati ya majalada hayo mawili ina funzo kuhusu namna tunavyohifadhi, au tunavyopoteza, kumbukumbu zetu wenyewe.

Filamu iliyopigwa mlangoni petu

Lara Croft ni mhusika wa mchezo wa video uitwao Tomb Raider, uliobuniwa na kampuni ya Core Design ya mjini Derby, Uingereza, na kuanza kuuzwa mwaka 1996. Mwaka 2001, kampuni ya Paramount ilimleta kwenye sinema, akiigizwa na Angelina Jolie. Wahakiki wengi hawakuridhika, lakini filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 270 kote duniani.

Kwa kutiwa moyo na pato hilo, Paramount ilitoa filamu ya pili Julai 2003, iitwayo Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life. Mwelekezi wake alikuwa Jan de Bont, mzaliwa wa Uholanzi. Mbali na kupiga picha Hong Kong, Santorini nchini Ugiriki na milima ya Wales, kikosi cha filamu hiyo kilikaa Kenya kwa takriban wiki mbili na kufanya kazi katika mbuga za Amboseli na Hell's Gate. Mbuga hii ya pili iko karibu na Naivasha, mwendo usiozidi saa mbili kwa gari kutoka Nairobi.

Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 95, lakini wikendi yake ya kwanza Marekani iliingiza kama dola milioni 22 tu, ilhali ile ya mwanzo ilikuwa imeingiza karibu milioni 48. Jolie aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Raspberry, ambayo hutolewa kwa dhihaka kwa waigizaji na filamu zilizoboronga. Paramount, kwa upande wake, iliulaumu mchezo mpya wa Lara Croft uliotolewa mwaka huohuo, Angel of Darkness, kwamba ndio uliowavunja moyo mashabiki. Filamu ya tatu iliyotarajiwa haikutengenezwa.

Hadithi ya filamu hiyo, kwa sadfa, inahusu sanduku. Lara Croft anashindana na mwanasayansi mwovu kulipata sanduku la Pandora, ambalo katika visasili vya Wagiriki lilifungia majanga yote ya binadamu. Mwishowe analipata, na anaamua kuliacha palepale bila kulifungua. Mkusanyaji wa leo anayeweka kasha la filamu hii rafuni bila kulifungua anafuata mfano wake pasipo kujua.

Kasha hutengenezwaje?

Kasha la kawaida la DVD, ambalo wengi wetu tunalifahamu, ni la plastiki nyeusi, lenye urefu wa milimita 190, upana wa milimita 135 na unene wa milimita 14. Juu yake kuna utando mwangavu ambamo karatasi ya jalada huchomekwa. Ni rahisi kutengeneza, na likivunjika hununuliwa jingine.

Kasha la kukusanywa ni jambo tofauti. Lililo maarufu zaidi ni lile liitwalo SteelBook, jina la biashara linalomilikiwa na kampuni ya Scanavo ya Denmark. Ubavu wake wote ni bati jembamba, na picha huchapwa moja kwa moja juu ya chuma badala ya karatasi. Sehemu nyingine za picha huinuliwa zikahisika kwa kidole, nyingine hung'arishwa, na nyingine huachwa bila mng'ao. Mara nyingi jina la filamu halionekani kabisa upande wa mbele. Kuna mchoro tu, kwa kuwa mnunuzi anajua anachokitafuta.

Nchini Ujerumani na Austria kuna mtindo mwingine, ambapo diski hufungwa ndani ya kitabu chenye jalada gumu na kurasa kadhaa za maelezo na picha. Filamu moja huweza kutolewa ikiwa na majalada matatu au manne tofauti, kila moja kwa idadi maalumu, na kila nakala ikapigwa nambari yake. Yule anayetaka kuwa na mkusanyo kamili hulazimika kununua filamu ileile mara nne.

Kinachouzwa hapo, basi, ni uchache. Diski iliyomo ndani haina tofauti na ile inayouzwa kwa bei ya kawaida. Kasha la bati lenye filamu ya ubora wa 4K aghalabu huuzwa kati ya dola 30 na 40 likiwa jipya. Likishamalizika madukani, bei hupangwa na wakusanyaji wenyewe.

Kwa nini filamu mbovu?

Mtu angetarajia heshima kama hiyo itengewe filamu bora pekee. Sivyo ilivyo. Filamu ya Super Mario Bros. ya mwaka 1993, iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kubwa kutokana na mchezo wa video, ilipata hasara na kudharauliwa na wengi. Hata hivyo, mwaka 2014 kampuni ya Second Sight ya Uingereza iliitoa katika diski ya Blu-ray, toleo la kasha la bati likiwemo. Borderlands, iliyotoka Agosti 2024, iligharimu zaidi ya dola milioni 100 na kuingiza takriban milioni 33 pekee katika kumbi za sinema. Nayo ilipata kasha lake la bati kabla ya mwaka huo kwisha.

Kuna sababu tatu kuu za jambo hili.

Ya kwanza ni hesabu ya biashara. Filamu inapoanguka kwenye kumbi, kampuni hubaki na deni na soko moja tu la kukimbilia, yaani nyumbani. Wapenzi wa mchezo wenyewe wapo tayari, na wamezoea kununua vitu vyenye nembo ya mhusika wao. Kampuni ikitengeneza makasha machache ya fahari, yatanunuliwa hata kama umma kwa jumla umeipa filamu kisogo.

Ya pili ni umri. Aliyekuwa na miaka 10 filamu ilipotoka hakuwa amesoma maoni ya wahakiki. Alikuwa na shujaa wake na alasiri ya Jumamosi. Miaka 20 baadaye ana mshahara, na anachokinunua ni utoto wake. Hili hata sisi twalijua. Filamu ya Street Fighter ya mwaka 1994 ilishutumiwa vikali, lakini mwenye kukumbuka jinsi jina la Jean-Claude Van Damme lilivyoweza kujaza kibanda cha video mitaani hatahitaji kuelezwa zaidi.

Ya tatu, na ndiyo yenye uzito zaidi, ni hofu ya kupoteza. Netflix, iliyoanza kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta, ilisitisha huduma hiyo Septemba 2023. Duka kubwa la Best Buy la Marekani liliacha kuuza diski za filamu mwaka 2024. Filamu inayotazamwa kwenye intaneti hukodishwa tu, na mkataba ukiisha huondolewa. Filamu bora haina wasiwasi mkubwa, kwa kuwa daima atapatikana wa kuihifadhi. Filamu iliyoboronga ndiyo iliyo hatarini, maana hakuna anayeisikitikia. Mkusanyaji wa makasha, hata akiwa na sababu zake za kitoto, ndiye mlinzi wake wa mwisho.

Ushahidi wa hilo umo katika Super Mario Bros. yenyewe. Mashabiki waliipata kanda ya zamani ya video iliyokuwa na toleo la filamu hiyo kabla ya kukatwa, likiwa na takriban dakika 20 ambazo hazikuwahi kuonyeshwa kwa umma. Waliisafisha na kuitoa mwaka 2021. Dakika hizo zilinusurika kwa sababu tu kanda hiyo haikutupwa.

Jalada la mtaani

Sasa turudi Makina. Kata hii ya eneobunge la Kibra, yenye msikiti wake, soko lake na nyumba kongwe za Wanubi, imepitiwa na kila aina ya chombo cha filamu: kanda za VHS, kisha VCD, kisha DVD, na baadaye kijiti cha kumbukumbu kinachojazwa filamu kwenye kompyuta ya muuzaji.

Katika miaka ya 2000, DVD ya mtaani iliuzwa kwa shilingi 50. Haikuwa na kasha gumu bali mfuko laini wa plastiki, na ndani yake karatasi moja iliyochapwa rangi. Aghalabu diski moja ilisheheni filamu nyingi, zikiwa zimepangwa kwa jina la mwigizaji au kwa aina: za vita, za karate, za mapenzi. Jalada lilikuwa mkusanyiko wa nyuso na silaha, milipuko nyuma yake, na maandishi ya Kiingereza yaliyojaa makosa. Maelezo ya nyuma mara nyingine yalikuwa ya filamu tofauti kabisa.

Tusiharakishe kulicheka jalada hilo. Lilikuwa na kazi yake na liliifanya. Mteja alitambua kwa kutupia jicho kama atapata mapigano au kicheko. Wenye vibanda vya video walibandika karatasi hizo mlangoni, na kwa shilingi 10 au 20 mtu akaketi kwenye benchi akatazama. Wasimulizi kama DJ Afro, jina la kisanii la James Muigai, walizifanya filamu hizo kuwa zetu kwa kuzitia masimulizi ya Kiswahili na Sheng, hata jina la msimulizi likawa linauza kuliko la mwelekezi. Dar es Salaam ilikuwa na wake, marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika kama Lufufu.

Isitoshe, soko halali halikumjali mkazi wa Kibera. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda sita za DVD. Kenya iliwekwa kanda ya tano, Uingereza ya pili, Marekani ya kwanza. Diski halali iliyonunuliwa London ilikataa kucheza katika mashine iliyofungwa kwa kanda yetu, ilhali diski haramu ya shilingi 50 ilicheza katika mashine yoyote. Mwenye kutii sheria ndiye aliyeadhibiwa.

Lakini jalada hilo la mtaani lilikuwa na dosari moja kubwa, nayo ni kufuta asili. Halikutaja mwaka, mwelekezi, mwenye haki wala mahali filamu ilipopigwa. Aliyenunua mkusanyo wa filamu za Angelina Jolie kwa njia hiyo angeweza kuitazama The Cradle of Life mara tano, na jalada lisimdokezee kamwe kwamba miamba aliyoiona ni ya Hell's Gate.

Sheria inasemaje?

Serikali ilijaribu kulirudishia jalada kazi yake ya kutoa ushahidi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika 2003, iliweka sharti kwamba kazi za sauti na picha zinazouzwa nchini zibandikwe alama maalumu ya kuthibitisha uhalali, chini ya usimamizi wa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Aidha, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, filamu hukaguliwa na kupewa daraja la umri na bodi ya uainishaji, KFCB: GE kwa watazamaji wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18.

Jirani zetu wa Tanzania walifuata njia kama hiyo mwaka 2013, mamlaka ya mapato ilipoanza kutoa stempu za kodi za kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu.

Tatizo ni kwamba kibandiko huhitaji kitu cha kubandikwa. Netflix ilipoingia Kenya Januari 2016, na wauzaji wa mitaani walipohamia kwenye kunakili faili, kasha lilitoweka na alama yake ikatoweka nalo.

Filamu zetu ziko wapi?

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la anasa za wageni. Kibera ni mojawapo ya mitaa ya Afrika Mashariki iliyopigwa picha zaidi. The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyompa Rachel Weisz tuzo ya Oscar, ilipigwa sehemu yake humo. Lakini zipo pia filamu zilizowaweka wakazi wenyewe katikati ya hadithi: Kibera Kid ya mwaka 2006; Soul Boy ya mwaka 2010, iliyoelekezwa na Hawa Essuman kutokana na mswada wa Billy Kahora; na Togetherness Supreme ya mwaka huohuo, inayogusa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Filamu ya Lara Croft, pamoja na dhihaka zote, haitapotea. Makasha yake yamo katika maelfu ya rafu. Je, filamu za Kibera ziko katika rafu ngapi za Kibera? Mtoto wa Makina aliyeonekana kwa dakika moja nyuma ya mwigizaji mwaka 2008 sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Akitaka kuwaonyesha, atategemea faili ambalo huenda limefutwa au tovuti ambayo huenda imefungwa.

Kutengeneza kasha si lazima kuwe na gharama ya Hollywood. Biashara ya makasha ya bati imethibitisha kwamba idadi ndogo si kasoro, bali ndiyo inayoleta thamani. Mtengenezaji filamu wa mtaani anayechapa nakala 200 zenye jalada nadhifu, majina ya waigizaji wote, mwaka, mahali na nambari ya kila nakala, ana bidhaa ya kuuza katika tamasha na zawadi ya kuacha katika maktaba. Michoro haikosekani, kuta za Kibera zenyewe zinashuhudia kwamba wachoraji wapo.

Jinsi ya kuhifadhi

Msomaji aliye na diski za zamani nyumbani anaweza kuanza leo. Zitazame upande wa chini. Diski iliyopigwa chapa kiwandani huwa na rangi ya fedha. Iliyonakiliwa kwenye kompyuta aghalabu huwa na rangi ya zambarau, kwa sababu data yake imechomwa kwenye tabaka la rangi ambayo hufifia kwa joto na mwanga. Hizi za pili ndizo za kunakiliwa upya kwanza, hasa zikiwa na harusi, mazishi au sherehe za familia.

Ziondoe kwenye mifuko laini ya plastiki, kwani baada ya miaka mingi hushikana na diski. Zisimamishe wima ndani ya makasha magumu, mbali na jua na unyevu. Zishike kwa ukingo, na usiandike juu yake kwa kalamu ya wino mkali. Karatasi ya jalada isitupwe, hata iwe imechanika. Na kama haina maelezo, andika nyuma yake ni nani aliyepiga picha, wapi na lini.

Mkakasi, basi, una umuhimu wake hata kama ndani yake mna kipande cha mti. Ndio unaotuambia mti huo ulikatwa wapi na nani aliyeuchonga. Kwa filamu ya Hell's Gate, wageni wametutunzia habari hiyo. Kwa filamu za Makina, hakuna mwingine wa kuitunza ila sisi.